Mpe kijana wako daftari la safari

Juzi dada mmoja msomaji ameniandikia. Binti yake wa kidato cha pili amegoma kwenda likizo na familia, anataka abaki kwa rafiki yake. "Nimburute au nimwache?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu, maana miaka miwili iliyopita mimi wangu nilimburuta.

Ilikuwa Mikumi. Nilicheza upatu mwaka mzima kwa ajili ya safari ile, nikapanga kila kitu peke yangu: vyumba, gari, saa za kuamka, hadi nguo za kupigia picha. Saa kumi na moja alfajiri nikawaamsha. Uwanda wa Mkata uko mbele yetu, nyati kundi zima, twiga wawili wanavuka njia taratibu, na binti yangu, wakati huo ana miaka 15, amejifunika khanga hadi usoni. Nikamwambia, "Tazama basi mwanangu, hela imetoka." Akajibu humo humo ndani ya khanga: "Mama, hii safari ni yako. Sisi umetuleta tu."

Baba yake akamkemea. Mimi sikufungua mdomo hadi Chalinze. Neno lile linaniuma mpaka leo, sitaficha, kwa sababu upatu ule niliucheza kwa jasho. Lakini mtoto alisema kweli.

Juni hii nikanunua kauntabuku. Nikampa binti pamoja na shilingi laki tatu za chakula na matembezi, nikawaambia yeye na mdogo wake: mahali na ratiba ni juu yenu, sisi tunalipa nauli na vyumba. Wakachagua Lushoto. Mdogo, ana miaka 13, akataka twende kwa basi, gari la baba libaki nyumbani. Baba yao alinuna siku mbili, kisha akakubali.

Kutoka Mombo basi lilipoanza kupanda mlima, yule mdogo akawa anahesabu kona, kila kona kijistari kimoja pembeni mwa daftari. Pale Soni akaona maporomoko, hesabu ikampotea.

Siku ya pili tukatembea kwa miguu hadi Irente. Binti akanunua mkate mweusi, jibini na jamu vya pale shambani, akaandika bei, akakata vipande vinne sawa kwa kisu cha kuazima. Baridi ilikuwa ya kuvaa sweta mchana. Tulipofika kwenye mwamba akaketi, akaniita: "Mama, njoo uone." Chini kabisa mashamba ya mkonge, na barabara ya Arusha ikipita kama uzi, ile ile tuliyokuja nayo jana yake. Nikakaa. Hapo ndipo aliponieleza kwamba rafiki yake wa bwenini hajamsemesha tangu Machi. Tangu Machi! Alirudi likizo ya Aprili tukalala nyumba moja, sikujua.

Wazazi wenzangu, mtoto wa umri huu hapakiwi kwenye buti kama begi. Mpe sehemu ya safari iwe yake. Mpe hela mkononi, na ikipungua usimwongezee, atajifunza kugawa. Mwache alale hadi saa tatu angalau siku moja. Simu usimnyang'anye, sisi tulikubaliana zisiwepo mezani wakati wa kula, na ya baba ikawekwa kando pia, maana huwezi kumkataza mtoto jambo unalolifanya mbele yake. Tunadai heshima kutoka kwao, na ni haki yetu, lakini lini mara ya mwisho ulimwuliza mwanao anataka kwenda wapi, ukasubiri jibu?

Dada yangu, usimburute wala usimwache. Kaa naye jioni moja, mwulize, kisha umkabidhi kazi yenyewe na hela yake.

Kwenye laki tatu zilirudi elfu kumi na nne. Binti hakunirudishia, amezibana kwenye daftari kwa klipu, ukurasa umeandikwa juu: Pangani, Desemba.