Jibu langu kwa wifi kuhusu Johannesburg

Wifi, ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia nimeusikiliza mpaka mwisho, na naona wenzako wa Barabara ya 12 mmeushadidia. Umeuliza mawili. Kwanza, kama huku Sauzi kuna binadamu wenye huruma na wanaoheshimiana, au tunaishi roho mkononi tu. Pili, kama mwanao aje. Nimeamua kuandika, maana tukiongea kwa simu utanikatisha. Kwa wakubwa wote mliomo humo, shikamooni.

Habari za uhalifu mlizozisikia ni za kweli. Takwimu hutolewa na polisi wa nchi hii wenyewe, na kwa mwaka ulioishia Machi 2024 waliouawa walipita 27,000. Ukigawa, ni zaidi ya watu 70 kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Wengi wao ni vijana wa kiume wa mitaa ya kimaskini, wanauana huko huko kwao. Watalii mnaowaona kwenye picha za Cape Town ni wachache sana katika hesabu hiyo.

Kwa mtu kama mimi uhalifu haumaanishi bunduki kila saa. Umegeuka kuwa mazoea. Simu haitolewi barabarani. Nauli iko kiganjani, hela nyingine iko kifuani. Kwenye taa za barabarani, ambazo huku wanaziita roboti, mwenye gari hafungui kioo hata joto likiwa kali, kwa kuogopa mkono utakaoingia. Saluni ninayosukia iko mjini kati, karibu na stendi ya taksi ya Noord, na mlango wake ni geti la nondo. Mteja akibonyeza kengele naangalia mikono yake kwanza, uso baadaye. Hilo linaniuma kuliko hela zote nilizowahi kuporwa. Kwetu Tanga, pale Ngamiani, mtu akipiga hodi unamwitikia karibu kabla hujajua ni nani. Adabu ile ilinitoka na haikuaga.

Wenye uwezo wanalindwa na makampuni, na walinzi binafsi nchini humu ni wengi kuliko polisi, zaidi ya mara mbili. Asiye na uwezo analindwa na majirani, ndiyo maana huku kumjua jirani ni jambo zito kuliko mnavyodhani.

Mkitaka kujua huruma na heshima viko wapi, nianzie kwenye taksi. Taksi ya huku ni kipanya kama vya kwetu, ila haina konda. Ukiingia unasalimia, hata kama watu wote humo huwajui, nao wanaitika. Usiposalimia hakuna wa kukutukana, ila safari nzima utahisi umekaa peke yako. Halafu inakuja nauli. Wa nyuma kabisa anampa aliye mbele yake, anataja ni ya watu wangapi, naye anampa wa mbele, hivyo hivyo mpaka kwa abiria aliyekaa pembeni ya dereva. Huyo ndiye mhasibu wa safari, atake asitake. Anahesabu, anatoa chenji, na chenji inarudi nyuma kwa mikono ile ile. (Kiti kile mimi nakikwepa, hesabu zangu mnazijua.) Noti yangu ya randi 200 imeshapita mikononi mwa vijana ambao njiani ningevuka upande wa pili wa barabara ili nisikutane nao, na chenji ikanifikia kamili. Ikipungua, gari zima linapiga hesabu kwa sauti mpaka iliyopotea ionekane.

Watu hao hao wakishuka Noord, kila mmoja anakumbatia mkoba wake na kumtilia shaka aliyekuwa akimpokelea hela dakika moja iliyopita. Nimelifikiria sana hili nikiwa nasuka. Naona ndani ya taksi kila mtu amepewa kazi ya kuaminiwa, na mtu akiaminiwa mbele za watu huona haya kuiba. Akishuka, hakuna anayemwamini na chochote.

Siku niliyoporwa mliambiwa nusu, maana mama alikuwa mgonjwa. Walikuwa vijana watatu, mmoja ana kisu, saa moja ya jioni, na mkoba ukaenda na pasipoti ndani. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma aliacha jiko lake linawaka, akanikalisha kwenye kreti, akaninywesha maji ya sukari, na akawafokea waliosimama kunirekodi. Akanipa na nauli. Kesho yake nilipompelekea hela yake alikasirika kwelikweli: kwani alinikopesha? Akaniambia, kama nina mikono, shule zikikaribia kufunguliwa nimsukie mjukuu wake. Nilimsuka rasta ndogo ndogo mpaka usiku, na tangu hapo pale stendi mimi ni mtu wake. Vijana wa eneo lile wanajua hivyo, na mnaweza kukisia faida yake.

Pasipoti nayo ilirudi. Huku kuna wanaume wanaovuta matoroli makubwa ya chupa na maboksi katikati ya magari, wengine wametoka Lesotho, na hakuna kazi inayodharauliwa mjini kuliko yao. Mmoja aliikuta kwenye pipa, ndani yake mna kadi ya saluni. Alisimama mbali na geti akainua pasipoti juu kwanza, ili tuone ameshika nini. Anajua anavyoangaliwa. Bosi wangu, Mkongo, alikataa kumfungulia. Nilifungua mimi. Hela hakutaka. Aliomba maji ya kunawa, kisha akakubali chai, na akainywea ndani, kwenye kiti cha wateja. Wateja wawili walihamia upande wa pili wa saluni. Wa tatu, mama mtu mzima, hakuondoka kitini, akamwita Ntate, kama sisi tunavyomwita mtu Mzee, akaanza kumuuliza habari za watoto wake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anakunywa chai taratibu namna ile.

Sasa lile la wageni, maana najua ndilo hasa linalowatisha. Mei 2008, nikiwa bado Tanga, fujo za kuwashambulia wageni zilianzia Alexandra hapa Johannesburg, zikasambaa, na watu 62 wakauawa. Kati yao 21 walikuwa raia wa nchi hii hii. Chuki ikishashika panga haina muda wa kusoma kitambulisho. Mteja wangu mmoja alikuwa mtoto Alexandra wakati huo. Husimulia jinsi mama yake alivyomficha mpangaji wa Kimalawi uvunguni, kisha akakaa mlangoni anamenya viazi, na genge lilipofika akaanza kuwauliza mmoja mmoja jina la mama yake. Waliondoka. Ananisimulia hayo kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, mimi mgeni, na wote wawili tunajua mambo yale yanaweza kurudi.

Wala msidhani watu wa huku wamegawanyika vizuri, wema upande huu na wabaya upande ule. Julai 2021, Zuma, rais wao wa zamani, alipofungwa, maduka yaliporwa na watu zaidi ya 350 wakafa. Soweto wakazi walijitokeza kulinda Maponya Mall, na tuliwasifu sote. Kijana mmoja aliyepata jina kwa ulinzi ule ndiye baadaye aliyekuwa kiongozi wa Operation Dudula, kundi linalotaka wageni wafukuzwe. Mwaka 2025 watu wa kundi hilo walisimama kwenye milango ya zahanati wakidai vitambulisho, wagonjwa wa kigeni wakarudishwa, mpaka mahakama ikawakataza. Anayemlinda jirani yake anaweza kumnyima jirani mwingine dawa, na usiku akalala vizuri.

Tena tuache ule ugonjwa wetu Watanzania wa kuwakumbusha kwamba tuliwalea. Ni kweli, ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro, na Nyerere hakuwafungia mlango. Lakini kijana wa Soweto asiye na kazi hakusoma Mazimbu, na babu yake pengine hakufika. Ukimdai heshima kwa deni asilolijua unamwongezea hasira tu. Nimewaona wenzetu wakijaribu hoja hiyo stendi. Haijafika mbali.

Na ninyi huko msijione malaika. Mwizi wa simu akishikwa Makorora mnajua kinachofuata, tairi na kiberiti, halafu gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ilitembea barabarani bila miguu ya mtu. Mwaka 2016, watu wanane walipouawa kwa kuchinjwa Kibatini, bosi wangu ndiye aliyenionyesha habari kwenye simu, akaniuliza kama ndugu zangu ni wazima. Nikamwambia Tanga si hivyo. Akacheka, akasema na Kinshasa si hivyo, na Johannesburg si hivyo. Sikuwa na la kumjibu.

Wifi, nikija kwa mwanao itabidi nikukumbushe moto wa Usindiso. Agosti 31, 2023, jengo hilo la manispaa, hapa hapa mjini kati, liliungua usiku na watu zaidi ya 70 wakafa, Watanzania wakiwemo. Enzi za ubaguzi lilikuwa ofisi ambako Mwafrika alikwenda kuhangaikia pasi ya kumruhusu kuwepo mjini. Baadaye likatelekezwa, likatekwa na watu wanaokodisha vyumba visivyo vyao, vimegawanywa kwa mbao na maboksi. Kijana mmoja aliyekuwa akikaa humo aliiambia tume ya uchunguzi kwamba aliuwasha yeye, ili kuficha maiti ya mtu aliyemuua. Asubuhi ile watu walileta blanketi na vyakula, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni, na mitandaoni saa hizo hizo kuna walioandika kwamba wageni walijitakia. Sisi tulichanga kama mnavyochanga huko msibani.

Swali ambalo halikuulizwa sana ni kwa nini mtu akubali kukaa kwenye jengo lile. Wengine ni wenyeji ambao kodi ya kwingine hawaiwezi. Wengine hawana karatasi, na asiye na karatasi hapati mkataba wa nyumba. Hapo ndipo namwona mwanao. Mtanzania anaingia huku kwa pasipoti tu, bila viza, anagongewa siku 90 za kutembea. Za kutembea, wifi, kufanya kazi hakumo. Anayewaambia vijana kwamba siku hizo zikiisha "utajipanga" anawauza. Zikishaisha, kijana anakuwa mtu ambaye akiporwa hawezi kwenda polisi kuandikisha kesi, akidhulumiwa mshahara hawezi kushtaki, akipigwa ananyamaza. Na wezi wa hapa wanawajua watu hao kwa kuwaangalia tu wanavyotembea. Wapo hata wenye sare wanaowajua, wakiwakuta njiani wanataka "cha soda". Kuporwa kwingi ninakosikia saluni kunaanzia hapo.

Mimi nina kibali, na bado kikikaribia kuisha silali. Kwa hiyo nisemapo nimepata watu wenye huruma huku, jueni pia nimewapata nikiwa na anwani, na kazi, na kitabu kinachosema nina haki ya kuwepo. Yule mama wa mahindi angeninywesha maji hata kama sina, hilo naamini. Ila maji ya sukari hayakulindi usiku.

Kwa hiyo simkatazi. Kama ana ufundi, na ule umeme aliosomea VETA ni ufundi, basi vyeti vyake vipigwe mihuri inayotakiwa na tutafute mwajiri wa kumwombea kibali kabla hajapanda basi pale Dar. Inachukua muda na inachosha, na inawezekana ikashindikana kabisa. Kama mpango ni kuja "kuangalia upepo", abaki, na aniambie mwenyewe kama amenuna.

Na kile kiwanja cha Pongwe ambacho nasikia kimeshapata mnunuzi ili wakala wa kumleta mwanao huku alipwe, kisiuzwe. Mwambie kaka asitie saini chochote. Nipigieni Jumapili saa kumi na moja jioni ya kwenu, huku itakuwa saa kumi na saluni imeshafungwa, na mwanao awepo karibu na simu.