Ulizeni habari za tumbo: kwa mnaoanza zamu Malindi

Wadogo zangu mnaoingia wadini mwezi huu, mgonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho mtafundishwa kumtazama presha, mkojo na oksijeni. Vyema. Utumbo hauna mashine ya kuulilia, ndiyo maana husahaulika.

Nilipoanza kazi tuliambiwa kongosho lipumzishwe: mgonjwa asile, asinywe. Mvuvi mmoja tulimweka na njaa siku sita, dripu tu. Mkewe akija na chupa ya uji kila asubuhi, nami nikimrudisha nayo mlangoni. Uji ule sijausahau. Utumbo usiopitiwa na chakula ukuta wake hulegea, bakteria wakapenya hadi kwenye damu na kwenye nyama ya kongosho iliyokufa. Homa yenyewe aghalabu huja baada ya wiki mbili hivi, jamaa washaanza kuuliza siku ya kwenda nyumbani. Basi awezaye kula, ale. Asiyeweza, atiwe mpira wa puani ndani ya saa 24 hadi 72, alishwe kidogo kidogo. Antibiotiki za kinga hazisaidii; zihifadhini, msizitoe hadi maambukizi yaonekane. Bakteria rafiki, wale wanaopewa mgonjwa kama dawa, nao msiwakimbilie: katika utafiti wa Uholanzi wa 2008, waliopewa walikufa 16 kwa kila 100, wenzao wasiopewa 6.

Mfukoni mwangu hamkosi futi ya fundi cherehani. Nampiga mgonjwa alama za kalamu ubavuni, usawa wa kitovu, na kila zamu inapima unene wa tumbo hapo hapo. Bila alama kila mtu hupima pake, namba zikawa uongo mtupu. Futi ni ya kukushtua tu. Shinikizo lenyewe la ndani ya tumbo hupimwa kwa mpira wa mkojo: mgonjwa chali, mililita 25 za maji ya chumvi kibofuni, usome anapomaliza kutoa pumzi. Likikaa kwenye milimita 12 za zebaki au zaidi, mwambieni daktari. Likidumu juu ya 20 na figo au mapafu yakaanza kushindwa, msingoje kukuche kumpeleka Mombasa; ni kilomita 120 hivi.

Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, lakini msimnyime mtu dawa ya maumivu kwa sababu hiyo. Angalieni potasiamu, madini ya damuni, na dripu isizidi.

Kisha muulizeni kama amepitisha upepo. Bibi zetu wa huku hawajibu swali hilo mbele ya mkwe. Mtoeni mkwe kwanza.