Jibu: Chizkeki ya limoncello (pombe tamu ya limau) imepasuka katikati na harufu imepotea

Dada pole, hiyo ya kupasuka mara nyingi ni moto mkali au mayai yamepigwa sana. Krimu chizi iache nje ilainike kwanza, isage na sukari mpaka iwe laini, mayai yaje mwisho, moja moja, mashine spidi ya chini kabisa, ukishaona limechanganyika acha, maana hewa ikijaa humo keki inaumuka halafu inazama na hapo ndo inachanika. Oveni nyuzi 160 za Selsiasi, sio 180, na bati lako lizungushie foili uliweke kwenye trei yenye maji ya moto. Itoke wakati katikati bado panatikisika kidogo, eti ukisubiri ikauke yote ushaichelewa. Tena usiitoe ghafla, zima moto, fungua mlango kidogo ikae humo kama saa nzima, kisha friji usiku kucha.

Sasa harufu. Limoncello imetengenezwa kwa maganda ya limau yaliyolowekwa kwenye spiriti, na ile harufu inaruka na joto, ndo maana huisikii. Kwa gramu 600 za chizi weka vijiko 3 vya chakula tu ndani, ukizidisha mchanganyiko unakuwa majimaji, ila kwaruza maganda ya malimau 2 (ile njano tu, nyeupe ni chungu balaa) usugue na sukari kwa vidole kabla ya kuanza. Limoncello nyingine changanya na lemoni kadi (krimu nzito ya limau, mayai, sukari na siagi) umwagie juu keki ikishapoa, hiyo haiingii tena kwenye moto kwahiyo utaisikia vizuri, watoto wasionje lakini 😅