Nyumba Kusimama na Nyumba Kukaliwa

Mwaka 2017 fundi wa kwanza niliyempeleka kwenye kiwanja chetu cha Goba, Dar es Salaam, alikizunguka mara moja, akachuchumaa, akachora vyumba vitatu mchangani kwa kijiti, kisha akaniambia, "Mama, ukiwa na milioni ishirini na mbili nyumba hii inasimama." Sikumuuliza kusimama ni kufika wapi. Leo, baada ya miaka sita ya ujenzi na madaftari mawili yaliyojaa risiti, nafahamu kwamba alikosea hesabu lakini hakunidanganya sana. Mimi ndiye niliyesikia "inakaliwa" mahali aliposema "inasimama", na kati ya maneno hayo mawili kulikuwa na mamilioni ambayo sikuwa nayo.

Ninayoyaandika hapa yanamhusu mtu anayejenga kama tulivyojenga mimi na mume wangu: kwa mshahara, bila mkopo wa benki, hatua kwa hatua, huku mafundi ni wale wa mtaani wanaopatikana kwa kuelekezwa na jirani. Mwenye uwezo wa kumkabidhi mkandarasi funguo na hundi ana shida zake nyingine, ambazo sizijui.

Nianze na ardhi, kwa kuwa hapo ndipo tulipopoteza fedha kabla tofali la kwanza halijalazwa. Goba ni vilima na mabonde, nasi tulipendezwa na upepo na namna taa za mji zinavyoonekana usiku. Muuzaji alipotupunguzia bei tulidhani ni bahati. Mteremko wa kiwanja chenyewe, kwa mtu aliyesimama katikati ya majani, haukuonekana kuwa mkubwa. Lakini kamba ilipovutwa na usawa ukapimwa kwa mpira wa maji, tuligundua kwamba upande wa juu wa nyumba unahitaji kozi, yaani mistari, tatu za matofali ya kulaza na upande wa chini unahitaji kozi kumi na moja. Fundi alikuwa amekadiria matofali 700 ya msingi, na tulitumia 1,240. Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitaja siku ya kuchora mchangani, nalo ni uwazi uliobaki ndani ya kuta za msingi, ambao ni lazima ujazwe. Tulishusha tipa 16 za kifusi, kila moja kwa shilingi 80,000, na kifusi hakimwagwi kwa mkupuo mmoja. Huwekwa tabaka kwa tabaka, kikamwagiwa maji na kushindiliwa, la sivyo kitatitia baadaye na jamvi, yaani sakafu ya zege, litapasuka likiwa tayari lina vigae juu yake. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akipita kila asubuhi na jembe begani, alitukuta tukishusha tipa ya kumi, akasimama kidogo, akasema, "Hicho kinameza, mwanangu," kisha akaendelea na safari yake.

Kwa hiyo, kabla hujalipia kiwanja, mpe fundi nauli na chakula cha mchana, nenda naye akiwa na kamba na mpira wa maji, umuulize kona ya chini itahitaji kozi ngapi. Kiwanja tambarare kinachouzwa kwa milioni mbili zaidi kinaweza kuwa rahisi kuliko kile cha mteremko ulichopunguziwa. Na ikiwa udongo wenyewe ni ule mfinyanzi mweusi, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, usiridhike na maneno ya fundi. Mtafute mhandisi, hata kama ni kwa ushauri wa siku moja.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mliuziana, lakini haikuhakikishii kwamba eneo hilo halijatengwa kwa ajili ya shule au halimo ndani ya hifadhi ya barabara. Hayo huulizwa kwenye ofisi ya ardhi ya manispaa, na ni afadhali kupoteza siku tatu za foleni. Wengi waliobomolewa nyumba kandokando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017 walikuwa wakiishi ndani ya nyumba zao, hawakuwa na mapagala. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Dar es Salaam ina vijito vingi ambavyo wakati wa kiangazi huonekana kama njia ya mbuzi.

Matofali nayo yalitufundisha. Mara ya kwanza tulinunua 400 kwa mfyatuaji wa kando ya barabara, ambaye aliapa kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 humpa matofali 30. Yalikuwa nafuu kwa shilingi 200 kila moja kuliko ya wengine. Nilipolikwaruza mojawapo kwa ufunguo wa mlango, mchanga ulitiririka kama chumvi, na mvua ya kwanza ikayalamba kona. Tuliamua kufyatua wenyewe palepale kiwanjani: tukanunua mchanga, tukaleta boza la maji, tukakodi mashine, tukapatana na vijana watufyatulie matofali 32 kwa mfuko. Nilikuwa nimesikia kwamba saruji huibwa, hivyo niliagiza nirudishiwe mifuko mitupu kila jioni ili niihesabu. Kwa wiki nzima hesabu ilikubali. Siku ya tisa niliitandaza chini, nikaikuta 12 kamili kama nilivyoitoa asubuhi, ila saruji yangu ilikuwa ya chapa moja na mifuko mitupu ilikuwa ya chapa mbili. Mitatu ilikuwa imeokotwa kwenye ujenzi wa jirani.

Tangu siku hiyo kila mfuko ulichanwa mbele ya mtu wa familia, hata alipokuwa mtoto wa shemeji aliyekuja likizo, kwa sababu kuhesabu matofali yaliyofyatuliwa hakusaidii chochote. Saruji ikiibwa, idadi ya matofali hubaki ileile. Kinachopungua ni ugumu wake, na ugumu huo hutauona mpaka ukuta umekwisha kupanda. Kwenye zege ni hivyohivyo. Uwiano tuliotumia ni ule wa kawaida, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, na nilisisitiza upimwe kwa ndoo, kwa kuwa koleo la mtu aliyechoka saa tisa alasiri si sawa na koleo lake la asubuhi. Mafundi wengi pia hupenda zege lenye maji mengi kwa sababu humwagika kwa urahisi, ilhali maji yakizidi zege hudhoofika. Baada ya kumwaga, jamvi linahitaji kunyweshwa maji kwa muda usiopungua siku saba, nalo huendelea kukomaa hadi kufikia siku ya 28. Kazi ya kumwagilia haina fundi anayeitaka, wala haionekani kwenye makadirio yoyote. Sisi tuliifanya wenyewe kabla na baada ya kazi, kwa maji ya kununua.

Kosa jingine tulilifanya kwa nia njema. Nilipopata malimbikizo ya mshahara nilinunua saruji mifuko 40 kwa mpigo ili fedha isiishie kwenye matumizi ya nyumbani. Tuliipanga kwenye kibanda cha mabati, chini kukiwa na mchanga mtupu, masika yakaingia, na tulipofungua kibanda mwezi Juni mifuko 14 ilikuwa mawe. Saruji inataka kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike mapema. Ukiwa na fedha inayokuwasha mkononi, nunua matofali au nondo, maana tofali hukaa miaka likikusubiri na halina mambo mengi. Nondo nazo uzipime unene kabla ya kulipa, kwa kuwa zipo zinazoitwa za milimita 12 ambazo hazifiki 12. Sisemi kwamba kulimbikiza vifaa ni kosa. Mwishoni mwa mwaka 2020, saruji ilipoadimika na bei kupanda nchi nzima, waliokuwa na matofali yao kiwanjani walilala usingizi, na sisi tulisimamisha kazi kwa miezi miwili.

Jambo moja tulilolifanya vizuri lilitokana na ndugu yetu mmoja anayechora ramani. Tulimpelekea picha ya nyumba tuliyoipata kwenye simu, yenye kona nyingi na paa lililopandana mara tatu, naye akaanza kuhesabu kona kwa kalamu huku akitaja gharama ya kila moja. Kila kona ya ukuta hupanda mpaka juu ikawa kona ya paa, na paa lenye mikunjo mingi hula mbao, hukatakata bati na kubakisha vipande visivyofaa, halafu huvuja hapohapo kwenye mikunjo. Tukakubali nyumba ya mita 12 kwa 10, iliyonyooka, paa la mgongo wa tembo, na veranda moja. Dada zangu waliiita darasa. Hata hivyo kupaua kulitugharimu shilingi milioni 12.9, kwa sababu hatukutaka kubahatisha mbao: tulichukua zilizotiwa dawa, zilizotoka Mafinga, na bati la geji 28. Kwa asiyefahamu, namba ya geji ikiwa ndogo bati ni nene zaidi, na wauzaji wengine hawatakukumbusha hilo unapofurahia bei ya geji 32.

Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, mafundi waliimba, majirani wakatupongeza, na mimi nikapiga picha. Nyumba ilikuwa imesimama. Hadi hapo daftari linaonyesha shilingi milioni 31.3, yaani msingi hadi jamvi milioni 10.8, boma, yaani kuta, hadi lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, milioni 7.6, na paa. Yaliyofuata, ambayo kwa macho ya mpita njia hayabadilishi chochote, yalichukua milioni 29.1 na zaidi ya nusu ya ile miaka: plasta, nyaya, mabomba, shimo la maji taka na chemba zake, milango, madirisha na grili, dari, vigae, rangi, matangi ya maji. Hatua hii ndiyo inayozaa mapagala mengi tunayoyaona pembezoni mwa mji, yenye bati linalong'aa na magugu yaliyochungulia dirishani, kwa kuwa mwenye nyumba alipiga hesabu ya kusimama, akafika.

Hapa mpangilio wa kazi ni fedha. Kwa kuona plasta itaipa nyumba sura, tuliipiga kabla ya fundi umeme kupitisha mabomba ya nyaya. Alipokuja alitindua kuta za vyumba vyote, na tukalipa kutindua, tukalipa kuziba, na mistari ya viraka bado inaonekana sebuleni jioni taa ikiwaka upande mmoja. Umeme na mabomba ya ukutani hutangulia, plasta hufuata, na dari haifungwi mpaka paa limepita mvua za msimu mmoja na kila tundu limejulikana. Mafundi wa hatua hii tuliwalipa kwa sehemu ya kazi iliyokamilika, tukibakiza kiasi cha mwisho mpaka maji yamepita na taa zimewaka, baada ya mmoja wao kuchukua fedha yote ya mabomba na kuacha kupokea simu.

Tulihamia Januari 2021, nyumba ikiwa na vyumba viwili vyenye milango, choo kinachofanya kazi, umeme, na madirisha ya upande mmoja yaliyozibwa kwa vipande vya bati. Ndugu walisema tungesubiri. Lakini tulikuwa tukilipa pango la shilingi 250,000 kwa mwezi, tena kwa miezi sita mbele, na siku tulipoacha kumpelekea mwenye nyumba ile milioni moja na nusu, fedha ya vigae ilianza kuonekana. Isitoshe, mlinzi hakuhitajika tena, na fundi anayemkuta mama mwenye nyumba jikoni saa mbili asubuhi hufika mapema kuliko anayepigiwa simu kutoka mjini.

Jumla ya daftari ni shilingi milioni 60.4, bila kiwanja na bila uzio, ambao haujaanza. Sakafu ya veranda bado ni ya saruji tupu. Kwenye ukurasa wa mwisho nimeandika vipimo vyake kwa penseli, na pembeni yake, "baada ya masika".