Muulize Fundi: Dirisha la ghorofa ya tatu

*Shikamoo Fundi. Mimi, mume wangu na watoto watatu tumepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya ghorofa tatu hapa Portland, Maine. Mwezi uliopita alikuja mkaguzi wa jiji, akapima dirisha la chumba wanacholala watoto, akaandika kuwa ni dogo. Mwenye nyumba amekuja juu. Anasema nyumba ilijengwa kabla babu yake hajazaliwa, na kanuni mpya za ujenzi zilizoanza mwaka 2025 ni za nyumba mpya. Mimi dirisha naliona kubwa, hata mwili wangu huu unapita. Nani mkweli? Na tukishikilia, hatutafukuzwa?*
*Mama wa Watatu, Portland*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, kaazime tepu ya kupimia kwa jirani. Fungua dirisha mpaka lilipogota. Usipime kioo wala fremu. Pima uwazi tu, pale unapopitisha mkono bila kugusa kitu. Upana usipungue inchi 20. Kimo kisipungue inchi 24. Kutoka sakafuni hadi uwazi unapoanzia isizidi inchi 44. Kisha zidisha upana kwa kimo, upate eneo lisilopungua futi za mraba 5.7.

Wengi huteleza kwenye hicho kipimo cha mwisho. Mtu anaona inchi 20, anaona inchi 24, anasema tumefaulu. Lakini 20 mara 24 ni inchi za mraba 480, yaani futi za mraba 3.3 tu. Dirisha lenye upana wa inchi 20 linataka uwazi wenye kimo cha inchi 41 na ushei. Likiwa na kimo cha 24, linataka upana unaozidi 34. Halafu kumbuka madirisha ya nyumba zetu hizi ni ya kupandisha: kioo cha chini kinapanda na kujificha nyuma ya cha juu. Hata ulifungue vipi, nusu yake imezibwa. Ndiyo maana unaliona kubwa na mkaguzi analiona dogo.

Unasema unapita. Nakuamini. Ila kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili yako. Kimewekwa kwa ajili ya askari wa zimamoto anayeingia kutoka kwenye ngazi ya nje, amevaa koti zito, mtungi wa hewa mgongoni, anamtafuta mtoto aliyejificha chini ya kitanda.

Sasa kuhusu mwenye nyumba. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayompotosha. Kuna vitabu viwili, na watu wanavichanganya. Kitabu cha kwanza ni cha ujenzi. Kinaandikwa na baraza liitwalo International Code Council, ambalo pamoja na jina lake la kimataifa ni la Kimarekani kabisa, na hutoa toleo jipya kila baada ya miaka 3. Toleo halina nguvu ya sheria mpaka jimbo au jiji lilikubali. Maine ilikuwa ikitumia matoleo ya 2015 mpaka tarehe 7 Aprili 2025, ilipohamia ya 2021. Hapo mwenye nyumba yuko sawa: kitabu hicho kinamgusa anayejenga au anayebadilisha jengo, na nyumba iliyosimama kabla yake kwa kawaida inaachwa ilivyo.

Kitabu cha pili ni cha usalama wa maisha wakati wa moto, NFPA 101, kinachotoka kwa shirika lingine. Hicho kina sura za majengo mapya na sura za majengo ambayo tayari yapo. Hakiulizi babu wa nani alizaliwa lini. Jiji la Portland limekikubali pamoja na marekebisho yake lenyewe, kwenye sura ya moto ya sheria za jiji, na juu yake likaweka usajili wa nyumba zote za kupanga. Ndiyo maana mkaguzi aliingia chumbani kwa watoto wako ingawa hakuna aliyepigilia msumari mpya.

Usajili huo nao una historia yake. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 2014 nyumba moja ya Noyes Street, hapa hapa Portland, iliungua na watu 6 wakafa. Moto ulianzia kibarazani, kwenye mabaki ya sigara. Mwenye nyumba alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2016 hakimu alimwachia kwa hilo, akamkuta na hatia ya jambo moja: madirisha ya ghorofa ya tatu yalikuwa madogo mno. Akahukumiwa siku 90 jela. Baada ya moto ule jiji lilifungua ofisi ya usalama wa nyumba na kuanza kuzisajili za kupanga.

Mimi nilisoma habari ya hukumu ile nikiwa nimekaa kwenye gari nje ya duka la mbao, na jasho likanitoka wakati ni baridi. Miaka michache kabla yake nilikuwa nimebadilisha madirisha 14 ya nyumba kama yenu. Bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto ilikuwa imepanda, na kila mtu alitaka madirisha mapya ya plastiki yasiyopitisha upepo. Yale madirisha huingizwa ndani ya fremu ya zamani, kwa hiyo yanakula inchi moja na zaidi kila upande. Nilifanya kazi safi, mwenye nyumba akafurahi, nikalipwa. Hakuna aliyeniuliza uwazi umebaki kiasi gani, wala mimi sikujiuliza. Baada ya hukumu nilirudi na tepu. Chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu, kilikuwa kimepungua. Alikuwa analala humo kijana mmoja mwanafunzi. Tulikubaliana na mwenye nyumba: yeye anunue, mimi nifunge bila malipo, tukaweka dirisha la bawaba linalofunguka kama mlango. Kwenye tundu lile lile la ukutani, uwazi karibu uliongezeka maradufu.

Kitabu cha ujenzi chenyewe kinamsamehe anayebadilisha dirisha bovu, ilimradi aweke kubwa kuliko yote ya kiwandani yanayoingia kwenye fremu hiyo, tena linalofunguka kwa namna ile ile au linaloacha uwazi usiopungua wa zamani. Kifungu hicho sikipendi. Naelewa kwa nini kiliwekwa, kwamba watu wasiogope kubadilisha madirisha mabovu, lakini nimeona kilivyo kichaka cha mafundi wavivu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe mkaguzi aandike kifungu alichotumia na vipimo alivyopata, kwa sababu nyumba kongwe zinaweza kupewa nafuu, na nafuu ya mdomo haina maana. Mwambie mwenye nyumba asinunue dirisha kabla hajampelekea mkaguzi vipimo vyake. Pengine dirisha moja la bawaba litamaliza ugomvi. Na mpaka siku hiyo, wahamishie watoto chumba chenye dirisha kubwa, ninyi wakubwa mlale pale.

Kuhusu kufukuzwa: mpangaji akilalamika kwa jiji juu ya ubovu wa nyumba, kisha ndani ya miezi 6 mwenye nyumba akataka kumtoa, mahakama za Maine huanza kwa kudhani kwamba hiyo ni kisasi, na ni juu ya mwenye nyumba kuonyesha vinginevyo. Ulinzi huo haumsaidii asiyelipa kodi. Lipeni kwa tarehe, tunzeni stakabadhi, na karatasi ya mkaguzi msiipoteze.

*Jambo baba Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Nimenunua nyumba Lewiston, na jirani ameibiwa. Mke wangu hapati usingizi kwa sababu madirisha ya chini hayana vyuma. Nina rafiki anayejua kuchomelea. Kuna ruhusa?*
*Baba Mwenye Nyumba Mpya*

Jambo sana. Hongera ya nyumba. Nakuelewa, maana hata kwetu Tanga nyumba isiyo na nondo madirishani watu huiona kama bado haijaisha. Hapa vyuma havikatazwi, ila kwenye dirisha la chumba cha kulala lazima vifunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa na bila kutumia nguvu kubwa, na vikishafunguka uwazi ubaki ule niliomweleza mama hapo juu. Vya kuchomelea moja kwa moja ukutani, hapana. Wala kufuli hairuhusiwi.

Nyumbani kwetu grili ya dirisha la uani ilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari sebuleni, nyuma ya kalenda. Siku moja bibi alisahau jiko la mkaa, moshi ukajaa, umeme nao ulikuwa umekatika. Watu watano tulikuwa tunapapasa ukuta kutafuta kalenda. Hakuna aliyeumia. Lakini toka siku hiyo nikiona kufuli dirishani nasikia kikohozi cha bibi.

Nunua vile vyenye kitasa cha kukanyaga au kuvuta ndani. Kisha mfundishe kila mtoto kuvifungua gizani, siyo mchana.

*Fundi, salaam. Nataka kuongeza baraza la mbao nyuma ya nyumba, South Portland. Fundi aliyekuja anasema nguzo zichimbiwe futi 4. Kaka yangu yuko Dallas, alijenga baraza kama hilo na hakuchimba hata futi 2, na alipewa kibali. Kama kitabu cha kanuni ni kimoja, nimepatwa na tapeli?*
*Msomaji wa South Portland*

Hapana, huyo ni fundi mkweli, mshike. Kitabu cha ujenzi ni kimoja, lakini ndani yake kuna jedwali lililoachwa tupu makusudi. Kila mahali panapokubali kitabu hicho hulijaza penyewe: uzito wa theluji juu ya paa, kasi ya upepo, tetemeko, mchwa, mafuriko, na kina ambacho ardhi huganda wakati wa baridi. Huku kwetu kina hicho ni kama futi 4. Maji yaliyomo ardhini yakiganda yanavimba na kuinua kilicho juu yake. Nguzo yako ikikaa futi 2, Februari itanyanyuliwa, Aprili itashuka, na haitashuka pale pale ilipokuwa. Baada ya miaka mitatu baraza linavuta msumari kutoka ukutani. Nimeitwa kunyoosha mabaraza ya namna hiyo mara nyingi kuliko nilivyoitwa kujenga mapya. Kaka yako kule Texas hana tatizo hilo.

Lakini usidhani marekebisho ya mahali siku zote huongeza ukali. Tangu toleo la 2009 kitabu cha nyumba za familia kinataka kila nyumba mpya iwe na vinyunyizio vya maji vya kuzima moto darini. California na Maryland walikibakiza kifungu hicho. Majimbo mengi yalikifuta, kwa hoja kwamba kinapandisha bei ya nyumba. Kwa hiyo mtu akikuambia jiji lake limepokea toleo jipya kabisa la kanuni, muulize pia ni kurasa zipi walizochana.

Kwenye kibali chako hakikisha mkaguzi anakuja kuona mashimo kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, anaweza kukuambia ufukue.

*Shikamoo. Kila nikikaanga samaki kengele ya moshi inalia mpaka mtoto anaamka. Nimetoa betri. Mume wangu ananisema. Nifanyeje?*
*Mpishi, Portland*

Marahaba. Mumeo ana haki, ila kosa siyo lako wala la samaki. Inawezekana kengele hiyo ni aina isiyofaa karibu na jiko. Sheria ya Maine inataka iliyo ndani ya futi 20 kutoka jikoni, au kutoka bafu lenye beseni au bomba la kuogea, iwe ya fotoelektriki, inayoona moshi kwa mwanga. Hiyo haishtuki sana na mafuta ya kukaangia, na ni hodari kwa moto unaofuka taratibu kwenye kochi au godoro. Ishushe, igeuze, usome mgongoni. Hapo hapo utaona na tarehe iliyotengenezwa. Ikiwa imepita miaka 10, itupe hata kama inalia vizuri.

Ukiwa umepanga, mwambie mwenye nyumba akupe ya aina hiyo. Kisha uhakikishe kuna kengele ndani ya kila chumba cha kulala, nje ya vyumba hivyo, na kwenye kila ghorofa mpaka kule chini kwenye boila.

Wakati unasubiri, kaanga dirisha likiwa wazi. Na betri hiyo, kama watoto wameshaitia kwenye rimoti ya televisheni, itoe huko leo kabla hujalala.