Maswali na Majibu: Nani Alimpa Mhusika Wako Jina?

Riwaya yangu inaanzia Unguja, 1875. Mke wa mfanyabiashara nimemwita Rehema Salum, Salum akiwa mumewe. Kuna kosa?

Rehema abaki, kosa ni hilo Salum. Pwani ya wakati ule mwanamke aliolewa, akazaa, akazikwa kwa jina la baba yake. Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake 1858, ni binti Msham mpaka leo, ingawa mumewe Bwana Mataka alikuwa mkuu wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate. Kwa hiyo mtafutie baba, na "binti" usilidondoshe. Jina kamili liweke mbele ya kadhi au kwenye wosia. Uani majirani watamwita Bi Rehema.

Wahusika wangu watatu ni watumwa. Nitapata wapi majina ya kweli?

Orodha za wapagazi katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 zinafaa, na hati za kuachwa huru zilizomo Nyaraka za Zanzibar. Ila kabla ya kuchagua, jiulize jina limetoka kwa nani. Mtu aliyetekwa alikuwa na jina la kwao, la Kiyao au Kinyasa, kisha bwana akampa jingine: Feruzi, Almasi, Zafarani, Farhani, Majaliwa. Ni vito, viungo, furaha na bahati.

Wengi huteleza kwa Mabruki na Mbaruk. Shina ni moja, baraka, lakini Mabruki lilizoeleka kwa watumwa, na Mbaruk ni la waungwana, kama Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliyepigana na Waingereza 1895. Ukimwita mtoto wa tajiri Mabruki, umemshusha hadhi bila kujua.

Wape wahusika wako majina yote mawili, uamue nani anatumia lipi. Bwana akiita, ni Feruzi. Usiku jikoni, akiwa na mtu wa kwao, jina alilopewa na mama yake lirudi. Hadhi ikibadilika, jina nalo huweza kubadilika: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba akiitwa Mtumwa, na "Siti" ni heshima aliyoipata mjini.

Nina Mwanaisha, Mwanahamisi na Mwanajuma katika nyumba moja. Wasomaji wanawachanganya.

Majina ni sahihi, lakini jicho husoma "Mwana" na kupita. Bakisha mmoja. Wengine waite Mize, Riziki, Subira au Time.

Kijana wa Butiama, mwaka 1935, anaweza kuitwa Julius?

Hesabu mwaka wa ubatizo kwanza. Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa 1922, alikuwa Kambarage mpaka alipobatizwa 1943. Kama kijana wako hajabatizwa, mpe jina la Kizanaki. Akibatizwa katikati ya hadithi, padri na mwalimu ndio watakaoanza kutumia jina jipya. Bibi yake ataendelea na la zamani, pengine hadi ukurasa wa mwisho.