Jibu: Sheria za gofu za majira ya baridi na handikapu

Ndugu, umeuliza kama raundi ya Stableford (mchezo wa kuhesabu pointi kwa kila shimo) uliyocheza Jumamosi klabuni kwenu Uingereza inahesabiwa kwenye handikapu, yaani namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji, maana mliruhusiwa kuinua mpira na kuuweka upya. Ndiyo, inahesabiwa. Kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 klabu za huko zinaweza kutumia kanuni hiyo na alama zikabaki halali. Nje ya miezi hiyo kamati ya klabu lazima iombe ruhusa kwanza.

Angalia sana kama kamati ilitangaza kanuni yenyewe. Matope peke yake hayakupi haki ya kugusa mpira. Soma tangazo ubaoni: wengine wanatoa inchi 6, wengine urefu wa fimbo moja ya gofu, na kamwe usisogee karibu zaidi na shimo. Kanuni hii ni ya nyasi zilizokatwa fupi tu, ukiwa kwenye nyasi ndefu sahau. Na unauweka mara moja! Ukishauachia, mpira uko mchezoni. Ukiuinua tena kutafuta pahali pazuri zaidi, ni pigo moja la adhabu. Hapa ndipo nawaona watu wazuri kabisa wakikosea bila kujua.

Uwanja ukifupishwa kwa chini ya yadi 100 kwa mashimo 18, hakuna cha kurekebisha kwenye hesabu ya handikapu. Zaidi ya hapo, muulize katibu wa klabu.

Raundi za kawaida, zisizo za mashindano, zisajili kabla ya kupiga mpira wa kwanza. Usisubiri uone umechezaje. Handikapu ni wastani wa alama 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo siku moja mbaya ya Januari haitakuumiza.